Acheni kuwaaibisha vijana wanaofupisha Kiingereza

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile ripoti yenu ya wiki jana kuhusu Kiingereza cha vijana wa Nairobi imenitoa kimya. Mliwahoji wakubwa wa maofisi na wazazi, wote wakilia kwamba "pls" (please), "info" (information) na "OMG" (Oh my God) zinaua lugha. Kijana hata mmoja hamkumuuliza.

Nimefundisha Kiingereza Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, hadi nikastaafu. Malalamiko haya ni ya kale kuliko Nairobi yenyewe. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliwasuta watu katika jarida la London, The Tatler, kwa kukata maneno, na mojawapo ya yaliyomkera ni "mob" (umati wa fujo), lililokatwa kutoka maneno ya Kilatini "mobile vulgus". Leo limo katika kila kamusi. Na hiyo "OMG" iliandikwa mwaka 1917 katika barua ya Admirali John Fisher wa jeshi la majini la Uingereza kwa mwanasiasa Winston Churchill, Fisher akiwa na miaka 76. Vijana wetu nao walikuwa na sababu: ujumbe wa simu ulibeba herufi 160 tu, ukizidi unalipia wa pili. Mwenye salio la shilingi chache atakata neno popote linapokatika.

Kilichoniudhi hasa ni kilichompata mpwa wangu mwezi Mei. Alikuwa ametuma barua pepe katika ofisi moja hapa mjini akiulizia vyeti vyake, akaandika "pls confirm docs", yaani tafadhali thibitisheni hati. Tulipofika kaunta, karani aliifungua kwenye kompyuta, akawaita wenzake, akaisoma kwa sauti foleni nzima ikisikia, kisha akamuuliza kijana amesomea shule gani. Watu wakacheka. Barua ile ilieleweka vizuri kabisa, maana vyeti vilikuwa vimeshatolewa na vipo mezani! Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo la kutaka "photos" (photographs) mbili, na beji ya kifuani mwake iliandikwa "Asst." (Assistant). Vifupisho vya wakubwa havichekwi. Nilipoingilia kati kwa Kiswahili, akaniambia niseme Kiingereza kwa kuwa hapo ni ofisini. Ofisini! Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi. Nimewaona akina mama wakigeuka kwenye kaunta kama hizo na kurudi nyumbani kwa kuogopa kukosea Kiingereza, kisha kesho yake wanakuja na mtoto wa shule awasemee. Katika mji huu mtu huchekwa akikata Kiingereza, huchekwa akiongea Sheng, lugha ya mtaani ya vijana, na akiongea Kiswahili sanifu huambiwa anajifanya Mtanzania. Basi aseme nini?

Darasani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi waandike habari ileile mara mbili: kwa rafiki, kisha kwa mwalimu mkuu. Waliweza, kwa sababu walionyeshwa. Maofisi nayo yabandike kaunta mfano wa barua wanayoitaka, upande mmoja Kiswahili na mwingine Kiingereza. Karani atakayesoma barua ya mtu kwa sauti apelekwe masjala akapange mafaili hadi mwisho wa mwezi. Nanyi mtumeni mwandishi Kayole na Umoja akawasikilize vijana wenyewe, na maneno yao myachape ukurasa uleule mliowalaumu.

Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi