Barua kwa wanangu wa Lamu mnaosoma fasihi

Wanangu, asalaamu alaykum.

Kila likizo mkirudi nasikia kilio kile kile: tungeandika, lakini hapa hakuna vitabu. Basi sikilizeni habari za Erich Auerbach, Mjerumani wa Berlin, aliyezaliwa 1892. Alianza na sheria, akapigana vita, akahamia fasihi, kisha akafanya kazi maktaba miaka kadhaa kabla ya kuwa profesa Marburg. (Mnaodharau kazi ya kupanga vitabu, mmesikia?) Mwaka 1935 serikali ya Hitler ikamwachisha kazi kwa kuwa ni Myahudi. Mwaka uliofuata akahamia Istanbul, akasomesha chuo kikuu huko hadi 1947, alipokwenda Marekani.

Huko Istanbul, kati ya 1942 na 1945, ndiko alikoandika Mimesis, kitabu chake kuhusu jinsi fasihi ya Magharibi inavyousawiri uhalisi. Anaanza na kovu la Odysseus, shujaa wa utenzi wa kale wa Kiyunani wa Homer, na kisa cha Nabii Ibrahimu na mwanawe, anaviweka ubavu kwa ubavu na kuvisoma neno kwa neno. Mwenyewe alisema kwamba lau angekuwa na maktaba kubwa, huenda asingefika hata kuanza kuandika.

Najua mtayapenda maneno hayo, maana yanawafaa wavivu. Lakini hakuwa mikono mitupu. Mshahara alikuwa nao, na tena alibisha hodi: watawa wa Kidominika wa Galata, mtaa wa Istanbul, walikuwa na maandishi ya kale ya Kanisa, na aliyemfungulia njia ni Roncalli, mjumbe wa Papa, ambaye baadaye akawa Papa Yohane XXIII. Myahudi mkimbizi, katika mji wa Waislamu, anasoma kwa watawa wa Kikristo!

Nyinyi mmebisha hodi kwa nani? Hapa Mkomani na Langoni zimo nyumba zenye miswada ya hati za Kiarabu, na warithi wengine hawawezi kuisoma. Jifunzeni hati hiyo kwanza. Msomi wa Al-Inkishafi, utenzi wetu wa kale wa Kiswahili, anayeijua kwa herufi za Kilatini pekee hajanishawishi. Mkiingia, ingieni kwa adabu, na mswada usitoke mlangoni. Kisha waulizeni wenzenu Wabajuni, ambao wazee wao walikimbia Kismayu na visiwa vyake Somalia ilipovunjika 1991, ni tungo gani walikuja nazo vichwani. Sijaona mmoja wenu aliyekwenda kuziandika.

Chukueni beti tatu za miswada na tatu za Wabajuni, mzisome pamoja. Likizo ya Desemba nataka kurasa mbili, kwa mkono wenu.

Babu yenu, Langoni