Msimpime mtu kwa maswali ya simu

Mhariri,

Binti wa dada yangu, hapa Wete, aliomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja Unguja. Akatumiwa kwenye simu maswali ya haiba, yale yanayompanga mtu katika kundi moja kati ya 16 ya tabia, kisha akaambiwa ni mkimya mno, hawezi wageni. Huyu ndiye anayekaribisha watu kila penye shughuli mtaani kwetu! Mbele ya wakubwa huinamisha macho, ndivyo tulivyomlea. Kwa wenzake hanyamazi.

Kipimo hicho cha makundi 16 kilibuniwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye, Isabel Myers, ambao hawakusomea saikolojia. Wengi wakikirudia huangukia kundi jingine. Wamiliki wake wenyewe wanasema kisitumike kuchagua wa kuajiriwa.

Waajiri, muiteni mtu, mzungumze naye, mumjaribu japo wiki moja.

Mjomba mtu,
Wete, Pemba