Ushindi wa Black Caviar kule Ascot haukuwa dosari

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala uliyoichapisha katika kurasa za michezo kuhusu farasi waliostaafu bila kushindwa hata mara moja, na ninakushukuru kwa kuupa nafasi mchezo ambao magazeti yetu huutaja mara chache mno, ingawa hapa Nairobi tuna uwanja wa Ngong na wapenzi wake wa miaka mingi. Hata hivyo, siwezi kuinyamazia hukumu iliyotolewa juu ya Black Caviar, farasi jike wa Australia, kwamba ushindi wake wa mwaka 2012 katika Royal Ascot, mashindano maarufu ya farasi ya Uingereza, ulikuwa wa kubahatisha na kwamba ulimpunguzia heshima. Kwa maoni yangu, katika mbio zote alizokimbia, hizo ndizo zinazostahili kutajwa kwanza.

Kumbukumbu zake zenyewe hazina ubishi. Alizaliwa tarehe 18 Agosti 2006 katika jimbo la Victoria, baba yake akiwa Bel Esprit na mama yake Helsinge, akanunuliwa mnadani Melbourne mwaka 2008 kwa dola 210,000 za Australia na kukabidhiwa kwa mkufunzi Peter Moody. Tangu alipokimbia kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Flemington, Melbourne, mwezi Aprili 2009 hadi mbio zake za mwisho katika uwanja wa Randwick, Sydney, mwezi Aprili 2013, alishiriki mara 25 na kushinda mara 25. Kati ya hizo, 15 zilikuwa mbio za Daraja la Kwanza, yaani za kiwango cha juu kabisa, idadi iliyoipita ile ya 14 iliyowekwa na farasi mwingine wa Australia, Kingston Town. Wala hakuwa farasi asiyeumia, kwani baada ya kushinda mbio zake za tano mwezi Januari 2010, jeraha la mguu lilimweka nje hadi mwezi Oktoba.

Mwandishi wako anaonekana kumpima farasi wa mbio fupi kwa vipimo vya farasi wa mbio ndefu. Katika mita 2400 mpanda farasi anaweza kukosea mwanzoni, akatulia, akajipanga upya na bado akafika wa kwanza. Katika mita 1000 au 1200, ambazo ndizo Black Caviar alizozikimbia karibu maisha yake yote (alifika mita 1400 mara moja tu, Februari 2012, na akashinda), shughuli nzima huisha kwa takriban dakika moja, na farasi anayejikwaa anapotoka langoni huwa hana mahali pa kulipia kosa hilo. Mwezi Februari 2013, alipokuwa akirejea baada ya mapumziko ya karibu miezi minane, alikimbia mita 1000 za Lightning Stakes pale Flemington kwa sekunde 55.42 na kuivunja rekodi ya sekunde 55.50 iliyowekwa na farasi aitwaye Special mwaka 1988. Huo ni wastani wa takriban kilomita 65 kwa saa, ukihesabiwa tangu farasi aliposimama tuli langoni. Kushinda mbio za aina hii mara 25 mfululizo, katika hali mbalimbali za hewa, ardhi na uzito wa mgongoni, ni jambo ambalo kila anayeujua mchezo huu hulitaja kwa heshima kubwa.

Makala hiyo ilidai pia kwamba aliwashinda farasi dhaifu wa nyumbani kwao. Dai hili linanisikitisha zaidi, kwa sababu lingeweza kukaguliwa kwa urahisi. Mpinzani wake wa mara kwa mara alikuwa Hay List, aliyemaliza wa pili nyuma yake katika mbio kadhaa kubwa. Black Caviar alishinda Newmarket Handicap ya Flemington, mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi, mwaka 2011 akiwa amebebeshwa kilo 58, na mwaka uliofuata, yeye akiwa hayumo, mshindi wa mbio hizohizo alikuwa Hay List. Isitoshe, farasi wa Australia wa mbio fupi walikuwa wamekwisha kuthibitisha ubora wao mbele ya Waingereza kabla yake: Choisir alishinda mara mbili katika juma moja la Royal Ascot mwaka 2003, kisha wakafuata Takeover Target mwaka 2006, Miss Andretti mwaka 2007 na Scenic Blast mwaka 2009. Farasi aliyetawala nchi yenye wakimbiaji wa kiwango hicho hawezi kusemwa kwamba alicheza peke yake uwanjani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, tarehe 23 Juni 2012. Hizo zilikuwa mbio zake za sita tangu mwezi Januari, na alikuwa amevushwa nusu ya dunia kwa ndege, safari ya zaidi ya saa 30, akiwa amevalishwa vazi maalumu la kubana misuli. Njia ya Ascot imenyooka kama ya Flemington, lakini ina mpando kuelekea mwisho, na ardhi siku hiyo ilikuwa laini kuliko aliyoizoea. Aliongoza ilivyotarajiwa. Kisha, hatua chache kabla ya mstari wa kumalizia, Luke Nolen aliyekuwa mgongoni aliacha kumhimiza, akidhani kazi imekwisha. Farasi akapunguza mwendo ghafla, huku Moonlight Cloud na Restiadargent, wote wa Ufaransa, wakija kwa kasi. Ukiitazama picha ya video polepole unaona Nolen akistuka na kuanza kusukuma tena kwa mikono katika hatua za mwisho kabisa, na Black Caviar akiitika. Ushindi ulikuwa wa urefu wa kichwa cha farasi tu.

Nolen alikiri kosa lake mbele ya waandishi wa habari siku hiyohiyo, bila kumtafuta wa kumlaumu. Hilo mwandishi wako alilieleza vizuri, ila akaishia hapo. Baada ya mbio, uchunguzi wa matabibu ulionyesha kwamba Black Caviar alikuwa amechanika vibaya misuli ya paja, na pia alikuwa na jeraha sehemu ya nyonga. Kwa hiyo farasi aliyetakiwa kuongeza mwendo upya katika mita za mwisho alikuwa farasi mwenye misuli iliyochanika, aliyekwisha kuambiwa na mpanda wake kwamba anaweza kupumzika. Sijui ni farasi wangapi wa mbio fupi wangeitika mwito wa pili wa namna hiyo wakiwa wazima, sembuse wakiwa wameumia.

Wala aliyemkaribia hakuwa wa kudharauliwa. Moonlight Cloud, aliyefunzwa na Freddy Head, alishinda mbio za Ufaransa za Prix Maurice de Gheest miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2013, na mwaka 2013 akaongeza Prix Jacques le Marois kwenye mita 1600. Wote wawili walikuwa majike waliokomaa, hivyo hakukuwa na nafuu ya uzito ya kumpendelea yeyote kati yao. Kushinda kwa kichwa dhidi ya mpinzani wa hadhi hiyo, akiwa ugenini na mwenye jeraha, si jambo la kuwekwa katika safu ya udhaifu.

Kilichofuata nacho hakikuguswa na makala. Ingekuwa rahisi kumstaafisha pale Uingereza, au kumbadilisha mpanda, lakini alirudishwa nyumbani, akatibiwa na kupumzishwa, na mwaka 2013 Nolen akiwa mgongoni alishinda mbio tatu nyingine, zote za Daraja la Kwanza, mojawapo ikiwa ile ya rekodi ya Flemington niliyoitaja. Alistaafu siku chache baada ya ushindi wa Randwick, akaenda kuzaa, na alifariki tarehe 17 Agosti 2024, siku moja kabla ya kutimiza miaka 18.

Ninaomba, mhariri, kwamba gazeti likirudia orodha hiyo, habari ya misuli iliyochanika iandikwe katika aya ileile inayoeleza kosa la Nolen, na Hay List na Moonlight Cloud watajwe kwa majina pamoja na walichokishinda wao wenyewe. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawakuziona mbio hizo, na watamjua Black Caviar kwa kile tu mtakachokichapisha.

Msomaji wako,
Nairobi