Hela ya moto wa Kilimanjaro itoke mwezi wa saba, sio mlima ukishawaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niongelee hili la moto mlimani, maana huku kwetu Marangu kila ikifika mwezi wa tisa kwenda wa kumi tunaanza kutupa macho juu, na sio kuangalia theluji kama wageni, tunaangalia kama kuna moshi.

Wengi mtakuwa bado mnaukumbuka ule wa Oktoba 2020, ulianza Jumapili tarehe 11 pale Whona, kale kasehemu wageni wanapopumzika kula kati ya kambi za Mandara na Horombo, na maelezo ya kwanza ya TANAPA yalisema ni wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, walikuwa wanapasha chakula cha wageni. Ukawaka zaidi ya wiki, na ilipokuja kupimwa ikaonekana zimeungua kama kilomita za mraba 95. Waliopanda kuuzima walikuwa mamia, askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wagumu wenyewe, waongoza wageni, na wanakijiji waliotoka tu shambani na panga mkononi. Hatujakaa sawa, 2022 Oktoba hiyo hiyo ukawaka tena upande wa kambi ya Karanga, safari hii mpaka wanajeshi wakapandishwa.

Sasa mtu ambaye hajafika kule anadhani kuzima moto ni maji. Maji gani mita elfu tatu na kitu? Kule moto unapigwa na matawi, unakata tawi bichi mnajipanga mstari mnapiga, tawi nalo likianza kushika unatupa unakata lingine, na upepo ukigeuka mnakimbia wote mnaanza upya mahali pengine. Na bado hiyo ni ya juu tu, kuna ya chini. Udongo wa kule ni mboji na mizizi tupu, moto unazama unatambaa chini kwa chini, umeshauzima jioni umelala, asubuhi unafuka mgongoni kwako, kwa hiyo inabidi kuchimba mtaro kuukata. Kijana wa jirani yangu alirudi soli za buti zimelainika mpaka kokoto zimeganda ndani yake, na buti zilikuwa zake mwenyewe za kufanyia kazi ya ugumu, hakuna aliyempa nyingine. Posho aliyoahidiwa aliifuatilia mpaka akaona nauli ya kufuatilia inazidi hela yenyewe akaacha. Aliyemuahidi simtaji, anajijua.

Hapo ndipo naanza kuuliza, hivi kwa nini hela ya moto huwa inapatikana wakati wa moto? Ukishawaka kila kitu kinatoka, magari yanatoka, mafuta yanatoka, chakula, maji ya chupa, viongozi wanakuja wanapiga picha na vest za kung'aa. Lakini mwezi wa saba, majani ndio yanaanza kukauka, ukiuliza nani analipwa kufyeka barabara za kuzuia moto, nani analipwa kukaa sehemu za juu na redio anaangalia moshi, matawi ya kupigia yatabadilishwa lini na vifaa vya maana, hupati jibu la kueleweka. Kinga ndio iko hivyo, hakuna anayeiona ikifanya kazi kwa hiyo hakuna anayeipigania kwenye bajeti.

Na wanaosema ni nyasi tu zinaungua zitaota waelewe kitu kimoja. Ile misitu ya Erica kule juu, ile miti yenye majani kama sindano iliyojaa ndevu, kazi yake kubwa ni kukamata ukungu. Ukungu unapita, maji yanabaki kwenye miti yanadondoka yanaingia ardhini. Kuna mtafiti Mjerumani, Andreas Hemp, amefanya kazi mlimani hapa miaka mingi, aliandika 2005 kwamba msitu uliopotea kwa moto unatunyima maji mengi kuliko hata barafu inayoyeyuka, na akakadiria maji hayo ya ukungu yanalingana na ya kunywa ya watu milioni moja hivi kwa mwaka. Kila siku tunalia na barafu kwa sababu ndio iko kwenye picha na tisheti. Moto unakula msitu, mifongo, ile mifereji yetu ya asili, huku chini inapungua maji, halafu tunagombana zamu za maji vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani.

Hela ipo jamani. Mgeni anayepanda Kilimanjaro analipa dola 70 kwa siku ya kiingilio cha uhifadhi peke yake, bado kambi, na analipa dola 20 ya uokoaji, ambayo kila mpandaji anatoa hata kama hajajikwaa hata mara moja. Mimi sioni shida ya hiyo ya uokoaji, ni nzuri sana. Nauliza tu, kama mtu anachangia kuokolewa yeye, kwa nini asichangie dola 5 ya kuokoa mlima anaoupanda? Kwa kila wapandaji 10,000 hiyo ni dola 50,000, na wanaopanda kwa mwaka ni zaidi ya hao mara kadhaa. Ila iwe na mfuko wake inaonekana. Mwaka 2020 mwezi wa saba makusanyo ya TANAPA yalihamishiwa TRA kwenda mfuko mkuu wa serikali, miezi mitatu mbele mlima ukawaka. Sisemi hili limeleta lile, moto uliwaka na miaka ya nyuma pia. Nasema hela ikiingia kwenye chungu cha wote haiandikwi jina, na isiyo na jina mwezi wa saba haitoki.

Watu wa kazi pia wapo. Afrika Kusini tangu 2003 wana mpango unaitwa Working on Fire, serikali inawalipa vijana wa familia maskini wanafundishwa wanafyeka, wanachoma kwa utaratibu kabla ya msimu, na moto ukitokea wao ndio wa kwanza. Sisi TASAF tayari ina ajira za muda, kaya zinachimba mabwawa zinatengeneza barabara, kipi kinazuia zifyeke na barabara za moto mwezi wa saba na wa nane? Wagumu nao msimu ukiwa chini wanakaa tu pale Marangu Mtoni, wanaujua mlima kuliko yeyote.

Halafu nisiache la nusu maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji vyetu, ingawa najua wakubwa hawalipendi. Ule ukanda tangu enzi za mkoloni uliachwa kwa ajili ya wananchi, kuni na majani ya ng'ombe, na 2005 msitu ukaingizwa hifadhini. Sibishani na sheria. Ila mama anayefukuzwa na mzigo wake wa kuni kavu mwezi wa tano, ndiye huyo huyo tunayemtegemea mwezi wa kumi apige simu akiona moshi, apike chakula cha wazima moto, amtoe mwanae apande. Mpaka sasa wanafanya hivyo, kwa kweli nashangaa moyo wao. Walipwe basi hata cha ulinzi wa mpaka.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Bunge la bajeti likianza na Wizara ya Maliasili ikisoma yake, mwandishi wako atutafutie kwenye vile vitabu mstari wa kuzuia moto Kilimanjaro ni shilingi ngapi, auchapishe hata kwenye kona, na kama haupo aandike haupo, wabunge wetu wa huku tutawauliza wenyewe.

Msomaji wako,
Marangu, Moshi Vijijini