Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kisanduku kinachokosekana kwenye faili la mgonjwa wa saratani ya mfupa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, upande wa wagonjwa wa saratani. Kila asubuhi napita kitanda hadi kitanda nikiandika joto, mapigo ya moyo, upumuaji, presha na ukali wa maumivu. Hakuna mahali faili linaponitaka niulize mgonjwa ameamka na nini moyoni.

Kuna kijana tuliyemkata mguu juu ya goti kwa sababu ya osteosarkoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa. Alikuwa akitutania, nasi tukamwita jasiri. Siku tulipofungua bandeji mara ya kwanza akageukia ukutani, hakutaka kukiona kigutu chake. Faili la siku hiyo linasema: "Kidonda safi, mgonjwa ametulia." Mwandiko ni wangu. Aliporuhusiwa hakurudi kumalizia mizunguko ya dawa iliyobaki.

Saratani hii huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, mara nyingi karibu na goti. Kwa kawaida mgonjwa huanza na tibakemikali, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kwa wiki kama 10, kisha upasuaji, kisha dawa tena kwa miezi. Katikati ya uchovu huo anawekewa fomu ya ridhaa: mguu ukatwe, au uokolewe kwa kuwekewa chuma. Tusidanganyike kwamba aliyeokolewa mguu ametua mzigo. Chuma huweza kulegea au kuingia maambukizi, akarudishwa chumba cha upasuaji. Na wote, waliokatwa na wasiokatwa, hukosa usingizi picha ya kifua inapokaribia, kwa kuwa ugonjwa huu ukisambaa hupenda mapafu.

Watu hupenda kuwasimulia wagonjwa wetu habari za Terry Fox, Mkanada aliyekatwa mguu mwaka 1977 kwa saratani hiyo hiyo, na mwaka 1980 akaanza kukimbia kwa mguu bandia akikusudia kuivuka nchi yake. Alisimama baada ya siku 143, saratani ilipofika mapafuni. Namheshimu sana. Ila nimewaona vijana wanaomeza kilio chao kwa kuogopa kuonekana dhaifu mbele ya hadithi kama hiyo.

Chombo cha kuanzia kipo. Kinaitwa kipimajoto cha dhiki: mchoro wa kipimajoto wenye namba 0 hadi 10, mgonjwa anazungushia ile inayoeleza dhiki yake ya wiki iliyopita pamoja na leo. Akifika 4 au zaidi, mtu akae naye. Pembeni pana orodha ya matatizo ya kuwekea alama: usafiri, kazi, watoto, usingizi, hofu, imani. Mara nyingine kinachomtesa mtu si kansa, ni ngazi za nyumbani kwake.

Wapo madaktari watakaosema kwamba kukosa hamu ya kula na kuchoka ni kazi ya dawa, si sonona. Wana hoja. Ndiyo maana dodoso la HADS la mwaka 1983, lenye maswali 14 kuhusu wasiwasi na sonona, liliepuka kwa makusudi dalili za mwili za namna hiyo. Linaweza kufuata baada ya kipimajoto. Vyote viwili ni chujio tu. Kutambua ugonjwa ni kazi ya mtaalamu.

Ninachoomba ni mwongozo wenye amri, si semina. Mgonjwa aulizwe anapopewa majibu ya nyama iliyopimwa, kabla ya kusaini ridhaa, siku bandeji inapofunguliwa, anaporuhusiwa, na katika kila kliniki ya picha za mapafu. Aulizwe faraghani, si mbele ya baba yake na wanafunzi sita wa udaktari. Akisema anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, na aonwe siku hiyo hiyo.

Na kabla ya kutuletea fomu, Mheshimiwa, tupeni wa kumpokea: msaikolojia, mnasihi, afisa ustawi wa jamii, hata kama mmoja atagawana wodi tatu. Kumfungua mtu moyo halafu kumwambia hatuna msaada ni kumuumiza mara ya pili.

Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja. Naweza kuanza kesho na vitanda vyangu, mradi nijue nimpigie nani simu mgonjwa akizungushia 8 saa mbili usiku.

Muuguzi, wodi ya mifupa