Makumbusho yetu yanaingia dijitali, ila karani hajaambiwa aandike nini wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Kila nikisikia makumbusho au ofisi ya nyaraka inatangaza kwamba sasa inaingia kwenye mambo ya dijitali naona watu wanaongelea skana, seva na kompyuta mpya, hamna anayemuongelea yule karani atakayekaa mbele ya hiyo kompyuta na kadi ya zamani mkononi, atajuaje aandike nini na wapi.

Mimi hiyo kazi nimeifanya. Nilichukuliwa kwa mkataba kwenye taasisi moja, tukiwa wanne, kuingiza kadi za vifaa vya kale kwenye mfumo mpya. Na mfumo wenyewe ulikuwa mzuri, kwa hilo siulaumu, ulijengwa juu ya ontolojia inaitwa CIDOC CRM. Kwa asiyejua, ontolojia kwenye mambo ya wavuti wa semantiki, yaani wavuti ambao kompyuta inaelewa maana ya data, ni makubaliano ya maandishi ambayo hata kompyuta inayasoma, kwamba hiki ni kifaa, huyu ni mtu, lile ni tukio, na mtu anaungwa na tukio kwa uhusiano huu wala sio ule. Mkishakubaliana hivyo, makumbusho ya Nairobi na ya Berlin unaweza kuyauliza swali moja yakajibu kwa pamoja. CIDOC CRM ilianza kutengenezwa miaka ya 90 na kamati ya ICOM, lile baraza la kimataifa la makumbusho, inayoshughulika na kumbukumbu za makumbusho, mwaka 2006 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 21127, na toleo jipya likatoka 2023. Ndani yake kuna madaraja, yaani aina za vitu, kama 80 na mahusiano kama 160.

Sasa hayo 160 ndo yalitushinda. Nakumbuka kadi za ngoma fulani, zote zinasema ngoma imetolewa na bwana shauri, yule ofisa wa kikoloni wa wilaya, mwaka 1926. Mwenzangu mmoja akaandika kwamba hapo umiliki umehama, bwana shauri kaipa makumbusho. Wa pili akakataa, akasema bwana shauri sio mwenye ngoma, atatoaje kitu kisicho chake, yeye akaandika kwamba kilichohama ni ushikaji tu, yaani nani anakitunza kitu bila kusema ni cha nani, na mpaka leo naona alikuwa na hoja nzito. Wa tatu akaona asijisumbue, akamwaga maneno yote kwenye sanduku la maelezo. Mimi nikaijaza ile 1926 kwenye sanduku la tarehe la kwanza nililoliona, kumbe lilikuwa la tarehe ya kutengenezwa, kwa hiyo ngoma zilizopigwa na mababu zikageuka kuwa zimechongwa 1926. Miezi ikapita, akaja mtafiti anataka vifaa vyote vilivyoletwa na maofisa wa kikoloni, mfumo ukamletea vile alivyoingiza mmoja wetu tu, vingine vyote kama havipo.

Na hapa ndo naomba wasomaji wanielewe vizuri. Mfumo haukulalamika hata mara moja, kwa sababu kwa sheria za ontolojia wote wanne tuliandika vitu vinavyoruhusiwa. Ontolojia ni kama kamusi na sarufi, inakupa maneno na namna ya kuyaunga, lakini haikwambii barua ya posa inaanzaje. Halafu kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, lugha ya OWL inayotumika kuandikia ontolojia nyingi haihesabu kukosekana kwa tarehe au jina kuwa ni kosa, yenyewe inachukulia kwamba bado haijaambiwa basi. Ndo maana mwaka 2017 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wakatoa SHACL, ambayo ni sheria za kukagua kama rekodi imekamilika umbo lake. Inasaidia sana, mimi naiunga mkono, ila inakuja baada ya karani kushaandika. Inaweza kukwambia hapa pana pengo, haiwezi kujua kwamba karani alikuwa anamaanisha kitu kingine.

Kinachotakiwa kitangulie ni mtiririko wa kazi, yaani maswali yaliyopangwa kwa zamu, moja baada ya jingine, kwa lugha ya mtu wa stoo. Kifaa kiko mkononi au una picha tu? Kadi inasema kiliingiaje? Nani alikileta? Je, kuna karatasi inayoonyesha kwamba huyo aliyekileta alikuwa mwenye mali? Ukijibu ndiyo mfumo wenyewe unaandika kuhama kwa umiliki, ukijibu hapana au haijulikani unaandika kuhama kwa ushikaji peke yake na suala la mwenye mali linabaki wazi hivyo hivyo bila mtu kulibuni. Karani hata jina la daraja halioni, achilia mbali kuchagua kati ya mahusiano 160 saa tisa mchana akiwa amechoka. Mpe kadi moja makarani wawili wasiojuana, watatoa kitu kile kile. Sisi tungekuwa na hayo maswali manne tu yule mtafiti angepata vifaa vyake vyote.

Kwa nini naona hili ni la kwetu sisi? Chukua Tendaguru, kule Lindi. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200, kadi za namna ya zamani zina nafasi ya mkusanyaji, moja, na ukiiona nafasi moja utaandika Werner Janensch au Edwin Hennig, wale wataalamu wa Kijerumani, ukaendelea na kadi inayofuata. Lakini msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na chini yake kuna misimu ilikuwa na vibarua mamia kwa mamia, na ile mifupa ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu mpaka bandari ya Lindi, leo mifupa ya dinosaria mmoja imeungwa na kusimamishwa Berlin, inapita mita 13 kwenda juu. Hawa watu wanaandikwa wapi? CIDOC CRM ina jibu, na jibu zuri, maana yenyewe inaanzia kwenye tukio: uchimbaji ni tukio, tukio linaweza kuwa na watu wengi, na kila mmoja akawekewa kazi aliyofanya. Ila kuruhusu ni kitu kimoja na kuuliza ni kingine. Kama kwenye zile hatua hakuna swali la nani mwingine alikuwepo na alifanya nini, karani mwenye kadi mia nne mezani atanakili lile jina moja. Na sio kwamba kumbukumbu hazipo, mwaka 2007 dinosaria mmoja wa kutoka hapo hapo Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima ya huyo huyo Boheti. Jina linajulikana, karani hajaulizwa tu.

Au ngoma ya Ngadji ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza 1902 na iko British Museum tangu 1908. Ukiandika umiliki umehama umeshatoa hukumu kwenye jambo ambalo Wapokomo hawajalikubali. Ukiandika ushikaji umehama umesema kile ambacho hakuna anayekibishia. Tofauti hiyo karani anaifanya kwa kubonyeza mara moja, ndo maana naona sio haki kumuachia peke yake. Kenya kupitia ule mradi wa International Inventories wameshaorodhesha vifaa vyao zaidi ya 32,000 vilivyoko nje, na siku mtu akitaka kuuliza vingapi vilichukuliwa kwa nguvu, jibu litategemea kama kila aliyeandika neno kuchukuliwa alikuwa anamaanisha kitu kimoja.

Wapo watakaosema mtiririko unamfunga mtu mikono, kila kifaa kina mambo yake. Ni kweli kabisa, kuna kadi zinakataa kila swali. Kwa hiyo hatua ya mwisho iwe ni ya karani kusema hii haiingii, aeleze kwa nini, halafu mhifadhi na mtu wa data wakae hata mara moja kwa wiki waziangalie hizo, na wakibadilisha maswali kila rekodi iwe na namba ya toleo la maswali lililotumika, ili miaka kumi mbele mtu ajue zile za mwanzo zilijibiwa kwa maswali gani.

Na hela sio kisingizio kikubwa hivyo. Kuna programu inaitwa Arches, iliyotengenezwa na Getty Conservation Institute pamoja na World Monuments Fund, ni ya bure, inatumia hiyo CIDOC CRM, na kutengeneza mitiririko ya hatua kwa hatua kumo ndani yake. Mradi wa MAEASaM wa kuorodhesha maeneo ya kale ya Afrika yaliyo hatarini unaitumia, na Tanzania na Kenya zimo. Kinachokosekana ni wiki mbili tatu za kukaa chini, wahifadhi, watu wa stoo, watu wa kompyuta, na wazee wanaojua kile kifaa kilikuwa kinafanya kazi gani, mkabishana swali gani litangulie. Hizo wiki sijawahi kuziona kwenye bajeti ya mradi wowote niliofanyia kazi, skana huwa zipo. Anayeandika andiko la mradi sasa hivi naomba aziweke, na sisi makarani tuitwe kwenye hicho kikao.

Zile kadi zetu niliambiwa zingerudiwa, ila mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Ningependa sana kujua kama zile ngoma bado zinasomeka zimetengenezwa 1926.

Wenu,
Karani wa kumbukumbu,
Dar es Salaam