Barua ya wazi kwa vijana mafundi: jenereta isiyokula mafuta

Wanangu na wajukuu zangu, mnaochomelea mageti, mnaosuka mota na mnaofungua injini za boti kuanzia Nyakato hadi Igogo,

Mwangaluka.

Nimesikia kwamba kikundi chenu kimeanza kukusanya michango ya kununua jenereta isiyokula mafuta, na kwamba yapo matumaini ya kuziunda nyingine nyingi na kuziuza visiwani. Mmoja wenu alinionyesha video yake. Mota inazungusha gurudumu zito la chuma, gurudumu linazungusha altaneta, altaneta inatoa umeme, sehemu ya umeme huo inarudi kulisha mota ile ile, na unaobaki unawasha taa. Bwana anayeiuza anasema ukishaiamsha kwa betri mara moja tu, inajiendesha mpaka wewe mwenyewe uamue kuizima.

Nimefundisha fizikia sekondari hapa Mwanza mpaka nikastaafu, na baadhi ya wazazi wenu wamepita mikononi mwangu. Kwa hiyo sitazunguka. Mashine hiyo haifanyi kazi na haitafanya kazi, hata iundwe na fundi hodari kuliko wote waliowahi kushika spana. Nawaomba michango hiyo isitoke. Si fedha ndogo. Kwa wengine wenu ni mashine ya kuchomelea, kwa wengine ni kodi ya kibanda.

Shuleni mlikariri kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika kutoka hali moja kwenda nyingine. Mkaijibu kwenye mtihani, mkapata alama, mkaiacha darasani. Naomba leo muitoe huko muilete gereji. Maana yake ni ile ile ya daftari la kikoba: hakuna shilingi inayotoka ambayo haikuingia, na ikionekana imepungua basi kuna mahali imekwenda, hata kama mwekahazina hajui ni wapi.

Sasa tuifuate hiyo mashine wati kwa wati. Mota inavuta wati 1,000. Mota ndogo iliyosukwa vizuri itafikisha kama wati 800 kwenye shafti. Hizo 200 zimekwenda wapi? Mnazijua. Ni lile joto mnaloligusa mkiweka kiganja kwenye bodi ya mota iliyofanya kazi nusu saa. Mkanda na beringi vinachukua kidogo chao, tuseme tunabaki na 760. Altaneta nayo ina joto lake, na ikiwa nzuri itageuza sehemu nane kati ya kumi kuwa umeme. Tunafika kwenye wati 600 na ushee. Mota inataka 1,000 na inaletewa 600, na hapo hatujawasha hata taa moja ya chooni. Mzunguko unaofuata inapata pungufu ya hapo, na unaofuata pungufu zaidi, mpaka chuma kisimame. Badilisheni beringi, wekeni waya mnene, pakeni grisi bora kuliko zote. Mtaisogeza 600 iwe 700, labda 800. Kufika 1,000 kamili hamtafika, na yeye anawaahidi zaidi ya 1,000.

Najua mtanijibu, mzee umesahau flaiwili, lile gurudumu zito linalotunza mwendo. Sijaisahau. Chukueni gurudumu la chuma la kilo 50, upana wa sentimita 60, lizunguke mara 1,500 kwa dakika. Nimelipigia hesabu: linabeba joule 28,000 hivi, joule ikiwa ni kipimo cha nishati. Uniti moja ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni joule 3,600,000. Kwa hiyo lile dude zito linalotisha kwenye video halijabeba hata sehemu moja ya mia ya uniti moja, na hizo kidogo lilizo nazo lilipewa na betri wakati wa kuamshwa. Hata hivyo zinatosha kuwasha taa ya wati 10 kwa dakika kumi, ishirini, hata zaidi beringi zikiwa laini. Ndiyo sababu video huwa fupi, na ndiyo sababu taa huwa ndogo. Akionyesha pia multimita inayosoma volti 230, msishangae. Nyie ni mafundi, mnajua kwamba volti bila mzigo hazisemi lolote kuhusu kazi.

Wa sumaku nao wapo, wanaosema wamezipanga sumaku zikasukumana daima. Sumaku inayokuvuta ukiiendea ndiyo hiyo hiyo inayokung'ang'ania ukitaka kuondoka. Ukikamilisha duara, ulichopewa kwenda umekirudisha kurudi.

Biashara hii ni ya kale, na kuna kisa kimoja nataka mkijue, hasa nyie wa boti. Mwaka 1812 alitokea mtu huko Philadelphia, Marekani, akiitwa Charles Redheffer. Alikuwa na mashine aliyosema inajizungusha yenyewe milele, akatoza watu kiingilio kuitazama, akaomba na fedha za serikali aijenge kubwa zaidi. Wakaguzi wakaenda. Waliona meno ya gia yamelika upande usiotarajiwa, yaani ile sehemu iliyosemwa kuwa inaendeshwa na mashine ndiyo iliyokuwa ikiiendesha mashine. Redheffer akahamia New York. Huko mwaka 1813 akaja kuitazama Robert Fulton, yule mhandisi aliyefanya meli ya mvuke iwe biashara kwenye mto Hudson. Fulton alikuwa amezoea sauti ya mitambo. Akasikiliza, akagundua kwamba mzunguko haulingani: unakwenda kasi, unapungua, unakwenda kasi tena, kama unavyokuwa mkono wa mtu ukizungusha kishikio. Akabandua vibao vilivyoonekana ni vya kushikilia fremu tu. Nyuma yake kulikuwa na uzi mwembamba wa utumbo umepita ukutani. Wakaufuata mpaka chumba cha juu, wakamkuta mzee mwenye ndevu ameketi, anazungusha kishikio.

Fulton hakuhitaji vitabu siku ile. Alihitaji sikio la fundi na swali moja: inakula nini? Nanyi sikio hilo mnalo. Injini ya boti ikikohoa mnajua plagi ipi ina matatizo kabla ya kushika spana.

Mtasikia pia kwamba teknolojia hii ipo ila makampuni ya mafuta yanaificha. Basi jueni kwamba Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza mwaka 1775 kwamba hakitapokea tena mapendekezo ya mashine zinazojiendesha milele, kwa kuwa yalikuwa yanawapotezea watu muda na mali. Mwaka 1775 hapakuwa na kampuni ya petroli duniani, wala umeme wa kuuza.

Na uhakika wenyewe haukutokana na kukaa na kufikiri tu. James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, alitumia miaka ya 1840 akipima. Alifunga uzito kwenye kamba, uzito ukishuka unazungusha pangaboi ndogo ndani ya chombo cha maji, kisha anasoma kipimajoto. Maji yalipata joto, kidogo mno, lakini kila mara kwa kiasi kinacholingana na kazi iliyofanywa na uzito. Kwa vipimo vyetu vya leo, kilo moja ya maji ingebidi ianguke mita 427 ndipo joto lake lipande nyuzi moja tu. Angalieni joto lilivyo ghali kulinganisha na mwendo. Gunia la kilo 100 pale soko la samaki la Mwaloni, mpagazi akilipandisha kwenye lori mita moja na nusu, ametumia kulinyanyua joule 1,470. Uniti moja ya LUKU ingepandisha magunia 2,400 na zaidi. Uniti hiyo hiyo ukiitia kwenye hita inachemsha lita 12 za maji, basi.

Nikisema hivi wapo wanaoniuliza, mbona sola ni bure, mbona maji ya Rusumo ni bure? Ni bure kwa maana ya kwamba jua halileti bili. Lakini lipo linaloliwa. Saa sita mchana, kila mita moja ya mraba ya paa lako inapokea kama wati 1,000 kutoka juani, na paneli inachukua sehemu tu ya hizo. Maji ya Kagera yanayozungusha mitambo ya Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, yalinyanyuliwa na jua yakawa mawingu, yakanyesha milimani, sasa yanashuka kuja ziwani kwetu. Yakitoka tena Jinja yanazungusha mitambo ya Owen Falls, kama yalivyofanya tangu 1954. Kila hatua ukiuliza inakula nini, jibu lipo. Kwa ile jenereta ya kwenye video, jibu halipo.

Sitaki muondoke hapa mkidhani kanuni hii kazi yake ni kukataza. Inaonyesha fedha zinapovujia, na fundi anayejua zinapovujia hakosi kazi. Tazameni wavuvi wa dagaa. Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati inayokaribia uniti kumi, na karabai inaitawanya karibu yote kuwa joto la kuunguza mikono ya mvuvi. Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa kumi za usiku inakula sehemu moja ya kumi ya uniti. Aliyeona tofauti hiyo mapema, akajifunza kufunga taa, betri na paneli kwenye mtumbwi bila maji kuingia, amepata riziki.

Lakini ninalotaka mlitazame kwa karibu ni sanduku la barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joule 334,000. Sangara aliyetoka kwenye maji yenye nyuzi 25, kumpoza mpaka karibu na sifuri, kunahitaji barafu kama robo ya uzito wake: kilo 100 za samaki, kilo 26 hivi za barafu. Sasa nendeni mwaloni muwaulize wanaokusanya samaki visiwani wanabeba barafu kiasi gani. Ni nyingi kuliko hiyo robo, na wanajua kwa nini: safari ndefu, jua kali, sanduku bovu. Ile ya ziada haipozi samaki, inapoza Ziwa Victoria na hewa ya Mwanza.

Fungueni sanduku moja mlichunguze kama mnavyochunguza injini. Mfuniko haukai sawa, unapitisha kidole upande wa bawaba. Sakafu inagusa maji yanayokaa chini ya mtumbwi. Povu gumu lililo kati ya mbao limelowa, na likilowa linapitisha joto jingi sana kwa sababu kinga ilikuwa ile hewa iliyofungwa ndani yake, sasa imekaa maji. Tundu la kutolea maji halina kizibo, hewa baridi inashukia hapo. Nje limepakwa rangi nyeusi, sijui kwa nini watu wanapenda rangi nyeusi. Kila kosa hapo linatibika kwa zana mlizo nazo: bati, rivet, mpira wa mlangoni, povu kavu lililofungwa nailoni pande zote, miguu ya mbao ya kuliinua, rangi nyeupe. Hakuna muujiza ndani yake. Mwenye mtumbwi akipunguza barafu kwa theluthi na samaki wake wasikataliwe kiwandani, atarudi na atakuja na jirani yake.

Kama ningekuwa na fedha za kuweka kwenye kikundi chenu, ningeziweka hapo.

Sasa kuhusu mkutano wenu na huyo bwana. Siwaambii mumfukuze, wala msimtukane. Huenda naye ameuziwa maneno. Mwambieni tu kwamba kabla ya mchango wowote mnataka jaribio. Mashine iwekwe katikati ya uwanja, juu ya meza isiyo na kitambaa, waya zote zionekane. Betri ya kuamshia ichomolewe na ipelekwe mbali, na akina nyie mwangalie ndani ya boksi lolote lililofungwa, hasa hilo. Kisha msiwashe taa. Ungeni hita za maji. Anasema inatoa kilowati tano. Basi kwa saa moja ichemshe lita 60, ndoo tatu. Saa moja nzima, tena baada ya hiyo saa ya pili, huku mmoja wenu akiandika muda na lita kwenye daftari. Akikataa kuchomoa betri, au akisema hita zitaharibu mfumo, mmeshapata jibu na fedha bado ziko mfukoni.

Hita nitaleta mimi. Ndoo tafuteni nyie, na mwenye kipimajoto kizuri aje nacho.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Nyakato, Mwanza